Pambizoni

Fomu yetu ina kurasa kumi na moja.
Inauliza umri, uzito, joto la kwapani,
chandarua kina matundu mangapi,
paa ni bati au makuti.
Inauliza hata choo, kwa lugha ya heshima,
mara ya mwisho ulikwenda lini.
Haiulizi umekula nini.

Mimi ni karani tu. Meza ya tatu,
ubavuni mwa friji ya sampuli,
kliniki ya utafiti, njia ya kwendea Kaole.

Jumatatu alikuja mama kutoka Matimbwa,
mgongoni mtoto anachemka.
Jina?
Mwanjaa.
Nikaandika. Alipewa na bibi yake
mwaka ambao watu waliloweka ndiga siku tatu
ili chakula kisiwaue kabla ya njaa.

Kipimo kikatoa mistari miwili.
Daktari Lyatuu akaandika dawa mseto,
dozi sita, asubuhi na jioni,
na ile sentensi tuliyoizoea hadi haina ladha:
"Umpe pamoja na chakula chenye mafuta."
Mwanjaa akasema, "Haya."
Ilikuwa haya ya mtu
anayepiga hesabu ya kibaba kichwani.

Siku ya saba tukachota damu.
Vimelea wamo, wametulia kama wenye nyumba,
na dawa ni kidogo mno,
kana kwamba ilipita tu kusalimia.

Kikao kikakaa.
Mmoja akasema, vimelea wamekuwa sugu.
Mmoja akasema, mama hakumpa.
Mwingine akaanza habari ya jeni, akaenda nayo mbali.
Ikaletwa chai ya maziwa, maandazi, korosho za kukaanga,
tukatafuna
huku tukishangaa mwili wa mtoto yule.

Lakini mimi nilikuwa na kitu pambizoni.
Kwa penseli. Siku ile nilimuuliza kwa mazoea,
kama unavyomuuliza yeyote aliyetoka mbali:
mmekula?
"Uji wa muhogo. Mtupu."

Jioni nikafungua kabati, faili baada ya faili,
nikasoma mwandiko wangu mwenyewe
kama barua ya mtu mwingine:
041, chai ya rangi.
052, ugali, maji ya chumvi.
063, wali wa nazi, kwao kulikuwa na arusi.
Nikatafuta majibu ya damu ya 063.
Dawa tele.
077, hajala. Nikaacha kusoma.

"Huo si ushahidi," alisema Nkwabi wa takwimu.
"Watoto wanne, tena kwa penseli."
Nikamwambia najua.
Akasimama mlangoni, akarudi,
akazibeba faili zote arobaini kwapani.

Mwaka umepita. Fomu ina ukurasa wa kumi na mbili.
Bi Mwasiti wa lishe, aliyekuwa akikaa nyuma ya stoo
na mzani wake na utepe wa rangi tatu
kama mgeni aliyekosa kigoda,
sasa yuko meza ya pili, kabla ya sindano,
na daktari hamwandikii mtu kidonge
mpaka aone mwandiko wake.
Nimemsikia akieleza, bila haraka:
kuna nazi, kamua, lile tui la kwanza usilizimue,
tia kwenye uji, mtoto anywe,
ndipo kidonge.
Mapishi yamo kwenye cheti, chini ya dawa,
na muhuri juu yake.

Jana Mwanjaa alirudi, safari hii na mdogo wake Kondo.
Alisikiliza yote, akarudia neno kwa neno,
hata "usilizimue" alilisema vizuri.
Kisha akanigeukia mimi, si Bi Mwasiti:
"Nazi moja sasa ni elfu na mia mbili."

Nikafungua ukurasa wa kumi na mbili.
Hakuna kisanduku cha bei.

Nikachonga penseli.